Vumbi la Chini ya Kabati

Mume wangu ana sakafu. Wengine wana shamba, wana gari, wana shahada ukutani. Yeye ana sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe miaka miwili iliyopita katika chumba cha nyuma, akaipaka nta nyekundu, akaisugua mpaka ukiinama unaona meno yako. Mgeni akifika kwetu Likasi, kabla hajapewa kiti anapelekwa kuitazama. Nami kwa miezi mitano nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba sakafu hiyo ivunjwe.

Nyumba yetu ni ya matofali, mojawapo ya zile walizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani, kabla hata wazazi wetu hawajaoana. Chumba cha nyuma kimepakana na bafu. Humo walilala mama mkwe wangu na binti yangu wa miaka sita, kitanda kimoja, kwa sababu tangu alipoacha kunyonya mtoto huyo hakukubali kulala mahali pengine. Na humo ndimo alimoanzia kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha asubuhi na jioni, kinachomwacha ameshika mbavu zake. Alipokwenda kwa dada yangu likizo ya Pasaka hakukohoa wiki nzima. Aliporudi, siku ya pili tu kikaanza upya.

Mimi nina pua, na pua yangu ilikuwa imeshaniambia. Chumba kile kilinuka nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni. Nilimwambia mume wangu kwamba kuna maji mahali fulani chini ya saruji yake. Alinijibu kwamba nyumba hii ilijengwa na watu waliojua kazi, sakafu hii ilimwagwa na mtu anayejua kazi, na kwamba harufu ile ni ya dawa za kienyeji ambazo mama yake anajipaka magoti. Nilipoendelea, akaniuliza kama najua bei ya mfuko mmoja wa saruji. Niliijua vizuri, kwa kuwa alikuwa akinitajia kila wiki.

Basi wakaja wamama wa maombi. Katika kanisa letu kuna kikundi kinachozunguka nyumba kwa nyumba kila Jumatano, na mtoto anayekohoa miezi mitano hawezi kukosa kupata zamu. Waliimba, waliomba, wakamwekea mtoto mikono. Kisha mmoja wao, macho amefumba, akasema kwamba ameonyeshwa: mzizi wa kikohozi uko kitandani. Hakutaja mtu, na wala hakuwa na haja. Kitanda kile kilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa na miaka sita.

Mama mkwe aliwamiminia chai, akaitia sukari nyingi, akawasindikiza mpaka getini. Kesho yake alianza kukunja vitenge vyake na kuvipanga ndani ya sanduku. Alimpigia simu mdogo wake wa kiume anayekaa Kambove aje kumchukua Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alisema anakwenda kupumzika kidogo. Hakuna aliyeuliza anapumzika nini.

Niseme ukweli hapa, maana nikiuficha hadithi yote inakuwa ya uongo. Mimi na mama mkwe hatukuwa watu wa kukumbatiana. Tuligombania sombe, yale majani ya muhogo, kwani kwa maoni yake mimi natia mafuta ya mawese mapema mno. Tuligombania redio. Tuligombania kichwa cha mtoto, nikimsuka asubuhi yeye anafumua mchana na kusuka upya. Nilipomwona anakunja vitenge, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba jiko sasa litakuwa langu peke yangu. Nililifurahia wazo hilo kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja, kisha nikaona aibu, na aibu ile haikuniacha tena.

Maana mzee akishasemwa hivyo kwetu, hasafiri peke yake. Neno linamtangulia. Huko Kambove wangeuliza kwa nini amemwacha mjukuu mgonjwa, na siku yoyote mtoto wa jirani atakapopata homa, macho yote yangegeuka kwake. Nimeshaona wazee waliolala kwenye kibaraza cha kanisa kwa sababu ya neno la namna hiyo. Nilikuwa na siku kumi.

Nilimpeleka mtoto zahanati tena. Muuguzi wa pale, mama mmoja mwenye subira, alinisikiliza habari za Pasaka kwa dada yangu akasema, hapo usitafute ndani ya mtoto, tafuta ndani ya nyumba. Akaniambia kuna mahali wanapima hata vumbi la nyumbani kujua kama mna kuvu iliyojificha kwa sababu ya maji. Hapo nikamkumbuka binti wa dada yangu, yule anayefanya kazi katika maabara Lubumbashi. Nilimpigia simu papo hapo. Alinieleza vizuri: nisichukue vumbi la sakafuni linalofagiliwa kila siku, nichukue lile la zamani lililokaa, la juu ya mlango, la nyuma ya kabati. Nitumie brashi kavu, nisiguse maji, nilifunge kwenye kifuko kisafi. Yeye atalimwaga kwenye kisahani chenye chakula cha kuvu, na kama kuvu imo, itajionyesha yenyewe.

Nikafanya kosa. Nilitangaza mambo hayo mezani, mbele ya bukari, ule ugali wetu, na samaki, nikijiona mtu wa sayansi. Mume wangu alicheka. Mama yake hakucheka. Kesho yake niliporudi kutoka sokoni nilikuta nyumba imefagiliwa, imepigwa deki, juu ya milango imepanguswa, mpaka balbu zimeoshwa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika kitambaa, jasho linamtoka.

“Bakuye kupima,” akasema. “Habatapata kintu.”

Ningemwelezaje? Kwetu mgeni akija unafagia, na mgeni anayekuja kukagua vumbi ndiye wa kumfagilia kuliko wote. Isitoshe, kwa mwanamke ambaye tayari ameambiwa kwamba kitanda chake kina mzizi, kumwambia kwamba chumba chake kina vumbi ilikuwa kumwongezea tusi lingine. Nilimsifu kwa usafi, na nikaenda nyuma ya nyumba kusaga meno.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo mkono wake haukufika, chini ya kabati la chumba kile kile. Ni kabati zito la miguu mifupi, halijasogezwa tangu lilipoingia. Mbele yake mume wangu anaweka viatu vyake vya kazi, na suruali yake ya kazi inaning'inia kwenye msumari juu yake. Mama mkwe alipokwenda kuoga nililala kifudifudi kwenye ile sakafu tukufu, nikaingiza brashi nyuma ya viatu, nikatoa vumbi la kutosha, la rangi ya kahawia, lenye nywele na uzi mmoja mwekundu wa kitenge.

Sasa nieleze kazi ya mume wangu, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa upande wa Kambove na kuyauza kwenye madepo ya barabarani. Depo hainunui kwa macho. Unasaga jiwe kidogo, unalitia ndani ya kifuko cha plastiki, wanakuelekezea mashine iliyo kama pasi ndogo yenye mkono, nayo inasema shaba iliyomo ni kiasi gani. Kiasi hicho ndicho sote tunachokiita teneur, na kwa mume wangu teneur inaamua kama jioni ile ataimba au atakuwa bubu. Kwa hiyo nyumbani kwetu vifuko hivyo havikosekani. Vumbi langu nililitia ndani ya kimojawapo, nikakiweka juu ya bufee ya vyombo. Kando yake palikuwa na kifuko chake cha unga wa jiwe la Kambove. Rangi moja, ukubwa mmoja. Kalamu nilitafuta, nilipoipata haikuandika, nikasema haidhuru.

Jumatano asubuhi mume wangu alichukua kifuko akaenda depo. Mimi nikachukua kilichobaki, nikakipeleka kwa dereva wa basi la Lubumbashi.

Saa kumi jioni binti wa dada yangu alipiga simu. Alikuwa na adabu, lakini nilisikia anajizuia kucheka.

“Tantine, munanitumia majiwe,” akasema. “Hii haiko poussière ya nyumba. Muko muzima?”

Nilikuwa nakata mboga, lengalenga. Nikaendelea kukata, kichwa kikifanya kazi yake polepole. Kabla sijamaliza fungu lile mume wangu akaingia, amekasirika. Alilalamika kwamba wachimbaji wamemdanganya, jiwe waliloapa ni zuri limetoa teneur ya aibu, shaba kidogo na kobalti kidogo zaidi. Na mwenye mashine amemcheka mbele za watu, amemwuliza tangu lini wanasaga jiwe pamoja na nywele na uzi wa kitenge.

Kisu kilisimama chenyewe. Nilielewa yote kwa mara moja, na namshukuru Mungu kwa kuwa nilikuwa nimeinama, hakuniona uso.

“Ile sachet haikukuwa ya Kambove,” nikamwambia. “Niliitosha mu chumba ya mama, chini ya kabati.”

Mnajua mtu wa mawe anavyowaza shaba? Macho yanabaki kwako lakini mtu ameshaondoka. Katika mji wetu kila mtu amesikia habari za jamaa aliyechimba choo akakuta jiwe la kijani, na kila mtu amewahi kulala akitazama dari na kuwaza kilicho chini ya kitanda chake.

“Ilikuwa juu ya ciment?” akauliza.

“Juu ya ciment.”

“Sasa chini yake kutakuwa nini?”

Nikamwambia mimi sijui. Na kweli sikujua. Ningeweza kumkumbusha habari za viatu vyake, vinavyorudi kila jioni vimebeba nusu ya Kambove na kupiganishwa pale pale mbele ya kabati. Ningeweza kumkumbusha suruali. Sikusema uongo hata neno moja. Nilirudi kwenye lengalenga zangu, nikawa mke mtulivu ambaye yeye hajawahi kumjua.

Ijumaa asubuhi alikuja na mchimbaji mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Walibeba mtaimbo na nyundo kubwa ndani ya gunia. Kitanda kilitolewa. Mapazia yalifungwa. Redio iliwekwa kwenye nyimbo za kanisa, sauti juu mpaka mwisho, ili majirani wasisikie nyundo. Lakini majirani walisikia, na kwa kuwa waliijua habari ya kikohozi chetu, waliamini kwamba tumeita maombi ya kumtoa pepo. Mama wa nyumba ya pili alisimama kwenye uzio anapiga makofi akifuatisha mapigo ya nyundo, na kila pigo kubwa liliposikika aliitikia amina.

Mume wangu alikataa rafiki yake apige wa kwanza. Aliitazama sakafu yake, akaifuta kwa kiganja mahali palipokuwa na alama ya kidole, ndipo akanyanyua nyundo. Nilimhurumia. Nilimhurumia kwa dhati, huku nikiomba asibadilishe nia.

Mama mkwe alikuwa nje uani, amekaa juu ya sanduku lake, mtoto magotini. Hakuambiwa kinachotafutwa. Alidhani wanamtolea mzizi.

Chini ya saruji mpya palikuwa na saruji ya zamani, na chini ya ile ya zamani udongo ulikuwa mweusi na unashika koleo. Walishangilia kwanza, kwa kuwa weusi huo unaweza kuwa kitu. Wakachimba tena mpaka magotini, na maji yakaanza kupanda ndani ya shimo taratibu, bila haraka. Mchimbaji alitia mkono akapapasa, akasema kuna bomba. Lilikuwa bomba la chuma kutoka bafuni, limeliwa na kutu mpaka limekuwa kama ganda la mkate. Miaka yote lilikuwa likivuja kidogo kidogo na maji yakijiendea zake kupitia nyufa za sakafu ya zamani. Kisha mume wangu akaja na saruji yake nzuri akaziba kila ufa, na maji yakabaki na njia moja tu, kupanda ukutani.

Wakasogeza kabati. Sikuwa tayari kwa kile tulichokiona, mimi niliyekuwa na pua yangu ya kujivunia. Ubao wa nyuma ulikuwa na manyoya meusi na ya kijani, na ukuta nyuma yake vilevile, na weusi ule uliambaa ukutani mpaka pale kitanda kilipokuwa, hadi usawa wa mto wa kulalia. Pale kitandani ulikuwa umefichwa na kitambaa cha maua alichokitundika mama mkwe ili ukuta usimchafulie nguo.

Mume wangu hakutazama ukuta. Alitazama ndani ya shimo.

“Na shaba?” akauliza.

Nikaokota viatu vyake vya kazi, nikavipiganisha kimoja kwa kingine juu ya vipande vya saruji. Vumbi la kahawia likamwagika.

“Teneur yako njo hii,” nikamwambia.

Rafiki yake alitoka nje upesi akaenda kucheka nyuma ya migomba. Mume wangu alininyang'anya kiatu kimoja, akakigeuza soli juu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa mwaka mzima, na nina hakika tungeupata, ila mama yake alikuwa ameingia. Alisimama mlangoni akayatazama maji. Kisha akapita kando ya shimo, akaenda kwenye ukuta pale penye usawa wa mto, akaweka kiganja. Alipokitoa kilikuwa cheusi na chenye majimaji.

“Kumbe haiko minye,” akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayepewa majibu ya zahanati. Mwanawe akamwuliza nani aliwahi kusema kwamba ni yeye.

“Hapana muntu alisema,” akajibu. “Mulinyamaza bote.”

Halafu akatueleza, akiwa bado anakitazama kile kiganja. Tangu siku ile ya maombi alikuwa akilala amegeukia ukuta. Alijifunga kitambaa mdomoni na kuugeukia ukuta mpaka asubuhi ili pumzi yake isimguse mtoto. Hakuwa anajua kama ni yeye au si yeye. Mtu anawezaje kujua, akasema, watu wa Mungu wakishaona. Na yeye pia alikuwa akikohoa, lakini alikuwa akikoholea ndani ya kitenge, mchana, nyuma ya choo, tusije tukahesabu vikohozi viwili.

Mume wangu alikaa chini juu ya vipande vya sakafu yake. Mimi nilikwenda jikoni. Nilikaa huko na ile aibu yangu ya siku ya kitunguu, na nililia, na sikuona haja ya kutafuta moshi wa kusingizia.

Kitanda kilihamia sebuleni siku hiyo hiyo. Mdogo wa mama mkwe alifika Jumamosi kama alivyoahidi, ameleta pikipiki na kamba ya kufungia sanduku. Alikula bukari, akala tena, akaambiwa hakuna safari, akarudi Kambove na kamba yake. Vitenge vilitoka sandukuni vyote vinanuka kile chumba. Mama mkwe alivifua na kuvianika kwenye uzio wa mbele, kimoja kimoja, upande wa njia ya kanisani, vikakaa pale mpaka Jumapili jioni ingawa vilikuwa vimekauka tangu asubuhi. Kikohozi cha mtoto hakikuisha kwa siku moja. Kilipungua, kikarudi kidogo, kikapungua tena. Baadaye nilipeleka vumbi la kweli Lubumbashi, safari hii nimeandika kwenye kifuko kwa kalamu mbili, na kisahani kilimea kuvu nyeusi na kijani mpaka kikafunikwa. Binti wa dada yangu alinitumia picha. Mama mkwe aliomba iwekwe kwenye simu yake, na mpaka leo anawaonyesha watu.

Jumatano ya kwanza baada ya sakafu kuvunjwa, wamama wa maombi walirudi. Walikuwa wamesikia makofi ya jirani na walitaka kujua pepo ametoka wapi. Mama mkwe hakuwapa viti. Aliwaongoza kwenye chumba cha nyuma, akawavusha shimo kwenye ubao, akawaambia waguse ukuta. Walisita. Aliwashika mikono mmoja mmoja, kwa upole wote wa mtu mzima, akaibandika kwenye ule weusi, na ule wa yule aliyeonyeshwa akaushikilia pale kwa muda mrefu kidogo kuliko ya wengine.

“Mama,” akamwambia, “sasa muombee ukuta.”

Nao wakaomba. Wangefanya nini? Waliomba kwa kifupi, mikono michafu, halafu akawapa maji ya kunawa na chai yenye sukari nyingi kama ile ya kwanza. Mume wangu alikuwa nyuma ya mlango amesimama na mfuko mpya wa saruji begani, hajui aingie au asubiri.

Walipoondoka, mama mkwe alisema amechoka na akajilaza na mtoto kitandani pale sebuleni, jua la saa tisa likiingia dirishani. Nilikuwa napita na vikombe. Alikuwa ameshasinzia, hana kitambaa mdomoni, ameupa ukuta mgongo, na uso wake ulikuwa karibu kabisa na uso wa mtoto. Niliviweka vikombe chini pole pole. Jioni nilimwita jikoni, nikamwachia yeye atie mawese kwenye sombe kwa wakati wake.